Kutoka Baltimore hadi Kilindini: Nasaha Juu ya Kontena la Ukoo



Nimeombwa nizungumze juu ya bandari, nami nitazungumza kama mtu aliyewahi kukabidhiwa mzigo wa jamaa zake.

Mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka hapa Silver Spring iko Bandari ya Baltimore, yenye gati za kontena za Seagirt zilizofunguliwa mwaka 1990. Kabla ya Malcom McLean kusafirisha kontena 58 kwa meli ya Ideal X mwaka 1956, shehena nyingi zilibebwa gunia kwa gunia mabegani mwa makuli. Siku hizi sanduku la chuma hufungwa mlangoni kwetu, likabadilishwa meli katika bandari ya kati kama Salalah ya Oman, kisha likateremshwa Mombasa, lango la Kenya, Uganda na majirani zao.

Usiku wa tarehe 26 Machi 2024, meli ya Dali iligonga Daraja la Francis Scott Key. Wafanyakazi 6 waliokuwa wakitengeneza barabara darajani walifariki, na njia ya meli ikazibwa. Kontena letu lilikuwa limekwisha kujaa vitanda vya zahanati, vitabu vya shule, na kiti cha magurudumu cha bibi yetu. Ikabidi lipelekwe Norfolk, Virginia. Sote tukalilaumu daraja.

Lakini ukweli hauna budi kusemwa. Kontena lilifika Kilindini salama, likakaa huko wiki 6 kwa makosa yetu wenyewe. Orodha haikulingana na vilivyomo, kwa kuwa siku ya kufunga kila mmoja alisukumiza furushi lake. Hati ya shehena, ambayo bila hiyo mzigo wetu haukuweza kutolewa, ilikuwa ndani ya mtoto wa meza yangu hapa Maryland. Gharama za kuhifadhi zikahesabiwa kila siku. Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa mzigo, nami naomba radhi mbele yenu. Bibi alizikwa siku 9 kabla kiti chake hakijatoka bandarini.

Njia ya meli ya Baltimore ilifunguliwa kikamilifu tarehe 10 Juni 2024, baada ya wiki 11. Wenzetu waliopoa mabaki ya daraja kutoka majini. Sisi tulishindwa na karatasi moja.

Kwa hiyo naleta hoja kabla hatujachangia kontena jingine: orodha ifungwe wiki 2 kabla ya kupakia, na asiyewahi asubiri safari ijayo, mpokeaji na wakala wa forodha wajulikane mapema, na hati itumwe siku ile ile tunapoipokea. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.