Harufu ya Petroli Mwaloni

Juma lililopita nilikuwa Kibara, kando ya Ghuba ya Speke. Jioni, mitumbwi ikijiandaa kwenda kuvua dagaa, nilimwona kijana akiingiza mpira ndani ya dumu la petroli, akavuta kwa mdomo, akatema, kisha akanawa mikono kwa petroli hiyo hiyo.

"Mwanangu, hiyo ni sumu," nikamwambia.

"Mzee, mbona inanukia?"

Kweli inanukia. Petroli ni mchanganyiko wa haidrokaboni, vitu vilivyoundwa kwa kaboni na haidrojeni tu. Zimo alkani, jamaa wa methani, ile gesi iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974; hizo ni pole, kazi yake kubwa ni kuungua. Alkeni hazina subira: ukizipa bromini huipokea mara moja na rangi yake ikapotea. Alkaini mnazijua kwa asetilini ya wachomeleaji. Halafu kuna aromati, waliopewa jina kwa ajili ya harufu. Mkubwa wao ni benzeni, pete ya kaboni sita, kila moja na haidrojeni yake.

Pete hii ina ukaidi. Ukiipa bromini peke yake, haishtuki. Weka chuma cha kuchochea, haidrojeni moja hutoka na bromini hukaa mahali pake, lakini pete haivunjiki. Ni sawa na kubadilisha mpangaji bila kubomoa nyumba. Ukitumia klorini unapata klorobenzeni, na humo ilitengenezwa DDT, ambayo Paul Müller aligundua mwaka 1939 kwamba inaua wadudu.

Lakini mwilini hadithi ni nyingine. Ini huigeuza benzeni kuwa vitu vinavyodhuru uboho wa mifupa, mahali damu inapotengenezwa, na kwa anayeipata kila siku kwa miaka inaweza kuleta saratani ya damu. Tena petroli ikiteleza mapafuni, madhara hayangoji miaka. Aliyeimeza asitapishwe, apelekwe hospitali upesi.

Yote hayo nilimweleza. Alinisikiliza kwa adabu, akafunga dumu, akauliza, "Sasa mzee, pampu utatununulia wewe?"

Sikuwa na jibu. Swali hilo nawapelekea wenye mitumbwi: kijana anayewavutia petroli kila jioni, pampu yake ya mkono iko wapi?