Chaki na Joho



Jarida la chuo chochote cha ualimu likifunguliwa, ukurasa wake wa kwanza unajulikana kabla haujasomwa. Pana picha ya mahafali, pana idadi ya majoho, pana jiwe la msingi la jengo jipya na profesa aliyepandishwa cheo. Hakuna ubaya. Lakini mwalimu wa fizikia anayeanza kazi Namtumbo au Kibondo hakusaidiwa na jiwe la msingi. Alisaidiwa, kama alisaidiwa, na siku ile mtu mwenye ujuzi kumzidi alipokaa dawati la nyuma akamtazama anavyofundisha, kisha akamwita kando wakazungumza. Mhadhara huu unaihusu siku hiyo, maana ndiyo habari ambayo majarida ya vyuo huisahau.

Chuo cha Dar es Salaam kilipozaliwa Oktoba 1961, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, kilianza na sheria ndani ya jengo la TANU mtaa wa Lumumba, wanafunzi wake hawafiki ishirini. Elimu ilikuja mwaka 1964, ikiwa idara tu ndani ya kitivo cha sanaa na sayansi ya jamii. Uamuzi mkubwa ulifanyika hapo mwanzoni. Desturi ya Kiingereza ilimtaka mtu apate shahada kwanza, ndipo aongeze mwaka wa stashahada ya ualimu. Dar es Salaam ikachanganya: mwanafunzi asome historia au kemia na asome ualimu wenyewe, vyote kwa pamoja, katika miaka ileile mitatu. Nchi iliyotegemea wageni kujaza sekondari zake chache haikuwa na mwaka wa nne wa kusubiri.

Idara ikawa kitivo mwaka 1989, na baadaye Shule Kuu ya Elimu. Waliopita humo au kufundisha humo si haba. Abel Ishumi na Issa Omari waliandika vitabu ambavyo vizazi vya walimu vimevitolea jasho usiku wa mtihani. Eustella Bhalalusesa alitoka Mlimani, kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akawa Kamishna wa Elimu. Joyce Ndalichako, mtaalamu wa upimaji, aliongoza Baraza la Mitihani kisha akawa Waziri wa Elimu. Na John Magufuli, kabla ya barabara na siasa, alikuwa mwalimu wa kemia na hisabati: stashahada Mkwawa, darasa la Sengerema, halafu shahada ya sayansi na elimu Mlimani.

Utafiti nao una lake la kujivunia. Mwaka 2002 ulianza mradi wa LOITASA, uliowakutanisha Birgit Brock-Utne wa Oslo, Martha Qorro wa Dar es Salaam na wenzao wa Afrika Kusini. Waliingia sekondari, wakafundisha mada zilezile kwa Kiingereza kwa kundi moja na kwa Kiswahili kwa jingine. Waliofundishwa kwa Kiswahili walielewa zaidi. Matokeo yakachapishwa, yakanukuliwa dunia nzima, na kidato cha kwanza kinaendelea kufundishwa kwa Kiingereza mpaka leo. Si kosa la watafiti.

Sasa turudi kwenye dawati la nyuma. Historia ya ualimu Tanzania ni historia ya haraka. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto aanze shule ifikapo 1977, na walimu hawakuwepo. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa kwa makumi ya maelfu. Walifundisha huku wakisoma kwa posta, kwa redio na kwa wakufunzi waliowafuata vijijini. Jina la mwalimu wa UPE, mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote, likageuka kejeli, na baadhi ya kejeli hiyo walistahili. Hata hivyo programu hiyo ilikuwa na kitu kimoja ambacho shahada nyingi za leo hazina: mwanafunzi alikuwa darasani tangu siku za mwanzo, na mkufunzi alimkuta akiwa huko huko.

Haraka ya pili ilikosa hata hilo. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulianza mwaka 2004, na shule za kata zikaota kila mahali. Sekondari zilikuwa chini ya 2,000 mwaka 2005. Kufikia 2010 zilizidi 4,000. Waliomaliza kidato cha sita wakapewa mafunzo ya wiki chache na kutumwa madarasani. Wananchi, wasiokosa jina la kitu, wakawaita walimu wa voda fasta, kwa kuwa waliongezwa upesi kama salio la simu. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa Februari 2013, watahiniwa takriban sita katika kila kumi walikuwa wamepata sifuri. Serikali iliunda tume na kuagiza matokeo yapangwe upya. Sababu zilikuwa nyingi, na hakuna mwenye haki ya kuubebesha mzigo wote kijana aliyepewa chaki akiwa na miaka ishirini. Ila mtoto aliyepata sifuri hakuwa na haja ya tume kujua kwamba mwalimu wa hisabati hakuwepo.

Haraka ya tatu iliingia chuo kikuu chenyewe. Chuo Kikuu cha Dodoma kilipokea waliomaliza kidato cha nne kwa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati. Mei 2016, baada ya wahadhiri wao kusitisha vipindi, wanafunzi zaidi ya 7,000 walirudishwa nyumbani kwa mpigo mmoja, mabegi kichwani, nauli hamna. Rais Magufuli, mwalimu wa zamani wa kemia, alihoji hadharani sifa za kuwaingiza chuo kikuu. Wengi wao baadaye walipelekwa vyuo vya ualimu vya serikali.

Katikati ya haraka hizo kuna uamuzi mmoja uliokwenda kinyume nazo, na kwa maoni ya mhadhara huu ndio mafanikio makubwa kuliko yote. Mwaka 2005 serikali ilichukua vyuo viwili vya zamani ikavifanya vyuo vikuu vishiriki. Cha Chang'ombe kikawa DUCE, jirani wa viwanja vya Uhuru na Mkapa, ambako siku ya Simba na Yanga mhadhiri mwenye busara hapangi jaribio la jioni. Cha Iringa kikawa MUCE, Mkwawa, katika majengo yaliyojengwa miaka ya mwisho ya ukoloni kuwa shule ya watoto wa Kizungu. Maana yake ilikuwa kwamba mwalimu wa sekondari ya kata naye ana haki ya kuwa na shahada. Vyuo binafsi vikafuata, na ndani ya miaka kumi uhaba wa wahitimu ukageuka foleni ya wahitimu. Leo mwenye shahada ya historia na jiografia huweza kukaa miaka nyumbani akisubiri ajira, huku shule ya wilaya yake ikihangaika na mwalimu mmoja wa fizikia kwa vidato vinne.

Idadi, basi, imepatikana, angalau kwa masomo ya sanaa. Kilichobaki ni siku ile.

Kila mwaka katikati ya mwaka wanafunzi wa ualimu hutawanyika mikoani kwa mazoezi ya kufundisha, BTP kwa lugha yao. Mkuu wa shule mwenye upungufu humpokea mgeni kwa furaha ya aina yake: anamkabidhi mikondo miwili mizima, na mwalimu mwenyeji anakwenda likizo isiyoandikwa popote. Mwanafunzi huandika maandalio ya somo usiku kucha. Siku msimamizi anapokuwa njiani, simu huita shule hadi shule, ametoka kwetu anakuja kwenu, na zana za kufundishia zinafutwa vumbi. Vyuoni husimuliwa kisa cha darasa lililoagizwa lote linyooshe mikono, anayejua jibu mkono wa kulia, asiyejua wa kushoto. Kisa hicho kiwe cha kweli au cha kutungwa, kila aliyewahi kusimamia BTP hukicheka kwa namna ya mtu aliyeona kitu kama hicho.

Msimamizi hukaa kipindi kimoja, dakika arobaini. Anajaza fomu: sauti, matumizi ya ubao, maswali, kudhibiti darasa. Kisha gari linamsubiri, shule inayofuata iko mbali na posho ni ya siku chache. Hutokea aliyebobea katika falsafa ya elimu akatazama somo la moli katika kemia. Ataona kama mwalimu anawapa kisogo wanafunzi. Hataona kwamba mwalimu amekosea moli yenyewe, na alama inapanda.

Tiba zinajulikana. Finland ilipohamishia ualimu vyuo vikuu katika miaka ya 1970, vyuo hivyo vilibaki na shule zao za mazoezi, ambako mwalimu wa darasa ni mlezi wa mwanafunzi wa chuo kila siku, na kazi hiyo imo katika ajira yake. Chang'ombe inayo sekondari ya mazoezi pale pale jirani. Haitoshi kwa maelfu, lakini mwalimu mwenyeji yupo katika kila shule nchini. Akipewa mafunzo mafupi, barua na posho, atafanya ambacho gari la chuo haliwezi.

Jambo hili limekuwa la haraka zaidi kwa sababu ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023. Mitaala mipya ilianza Januari 2024, elimu ya lazima inakwenda kuwa ya miaka kumi, na sekondari sasa ina mkondo wa amali. Mwalimu wa umeme, ushonaji au kilimo hapimwi kwa sauti na ubao. Anayemtazama lazima ajue waya ulivyopaswa kuungwa, na wahadhiri wa aina hiyo katika shule kuu za elimu ni wachache. Fedha za mradi wa HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 kwa elimu ya juu, zinajenga karakana na madarasa. Fundi wa kukaa dawati la nyuma inabidi atafutwe VETA, gereji na mashambani, hata kama hana shahada ya uzamivu.

Kwa hiyo pendekezo la mhadhara huu ni dogo, na halihitaji tume. Jarida lijalo la chuo libaki na picha zake za majoho. Pembeni pachapishwe jedwali moja: wahitimu wa mwaka huu, kwa wastani, walitazamwa wakifundisha vipindi vingapi, na katika vipindi hivyo vingapi mtazamaji alikuwa wa somo lile lile.