Pine mbili za ekseli moja, saizi moja



Leo hapa parkingi tumesoma namba zilizoandikwa ubavuni mwa pine. Taksi moja ina 185/65 R15 mbele kuume, na 195/65 R15 mbele kushoto. Mutasema: «Tofauti ni kidogo, inatembea tu.»

Basi tuhesabu. Pine ile ndogo imepungukiwa karibu milimita 13 kwa kimo. Kwa kila kilometa inazunguka karibu mara 10 kupita mwenzake. Diferansieli haipumziki hata barabara ikinyooka, inapata moto, inalika. Usukani unavuta upande mmoja. Na ukifunga freni ghafula kwenye muteremuko wa Kadutu, mvua imenyesha, gari inaweza kuwageukia watu.

Siye hatukukuja kumutukana shofere. Tunajua pine ya okazioni inanunuliwa moja moja, juu jioni mwenye gari anangojea pesa yake. Ndiyo maana tunamwambia mwenye gari: nunua mbili, za saizi moja. Askari wa barabara anayeomba karatasi, ainame asome na pine. Na wewe musafiri, mbele ya kupanda, angalia namba. Zikipishana, mwambie shofere kwa heshima, kisha ungojee gari ingine. Shofere naye apeleke neno hilo kwa mwenye gari.

Namba ziko wazi. Kuzisoma hakuombi hata franga moja. Tuanze sasa, na hizi gari ziko mbele yetu.