Samaki Awe wa Mwisho Kikapuni

  Leo tunakwenda sokoni, na jambo kubwa nitakalo ulishike ni hili: samaki awe wa mwisho kuingia kikapuni, na awe wa kwanza kutoka ukifika nyumbani. Sababu utaisikia.

Tuseme unakaa Ndia Kuu. Samaki unawapata karibu na Bandari ya Kale, si mbali na mlango wako. Mboga, matunda na nazi ziko Marikiti, na anayetaka bei ya jumla huvuka daraja la Nyali hadi Kongowea. Kwa vile samaki wako karibu, wengi wetu huanza hapo. Kisha tunapanda Marikiti, tunachagua ndimu, tunakunisha nazi, tunakutana na jirani, tunaulizana habari. Muda wa saa mbili unapita na samaki yumo mfukoni, na jua la Mombasa unalijua mwenyewe.

Joto lina madhara gani? Samaki kama jodari, sehewa, nguru na vibua, wakikaa kwenye joto, vijidudu hutengeneza ndani ya nyama yao sumu iitwayo histamini. Sumu hii haiui ladha ya samaki mara moja, na mara nyingine hata harufu haibadiliki. La kutisha zaidi, haiondoki kwa moto. Ukaange, uchome, uchemshe, utie pilipili na ndimu, sumu ingali pale pale.

Aliyekula samaki huyo huhisi mdomo ukimchonyota kama aliyelamba pilipili. Uso na shingo huwaka na kuwa vyekundu, mwili huwasha, kichwa huuma, moyo hwenda mbio, na pengine hutapika au kuharisha. Huanza baada ya dakika chache, au ndani ya saa mbili hivi. Mara nyingi tunasema, "Mtoto huyu hapatani na jodari." Huenda ni kweli. Lakini ikiwa watu wawili au watatu waliokula sinia moja wamewashwa pamoja, usimlaumu mtoto. Mlaumu samaki aliyelazwa kwenye joto.

Basi unapochagua samaki, tazama macho: yawe maangavu na yametokeza, si yaliyozama na kufanya ukungu. Funua matamvua: yawe mekundu, si ya kahawia. Bonyeza nyama kwa kidole: irudi juu. Nusa: anuke bahari, asinuke uvundo. Halafu uliza bila haya, "Huyu ametoka majini lini? Amelala kwenye barafu?" Muuzaji mwaminifu hakasiriki kuulizwa. Uangalifu uzidi wakati wa kusi, bahari inapochafuka. Samaki huadimika, bei hupanda, na samaki wa juzi hurudi mezani akiwa amemwagiwa maji ili ang'ae.

Najua pia kuna anayengoja jioni kwa sababu fungu hushuka bei. Mama, sikulaumu, pesa ni chache. Lakini samaki aliyeanikwa mezani tangu asubuhi bila barafu si rahisi hata akiuzwa nusu bei, kwa sababu ukiongeza nauli ya kwenda hospitali na pesa za dawa, umelipa zaidi. Siku ambayo mkono ni mfupi, nunua samaki wadogo wabichi kidogo tu, au nunua kunde, pojo, maharagwe au mayai. Hivi navyo hujenga mwili wa mtoto, na havina haraka ya samaki.

Mboga kama mchicha, mnavu na sukuma wiki, chagua zenye majani mabichi yasiyonyauka. Zioshe kwa maji safi kabla ya kuzikata, si baada. Zipike kwa muda mfupi, na maji yake yabaki kwenye mchuzi. Kama maji yako ni ya kisima au ya mkokoteni, yachemshe au yatie dawa ya kusafisha maji kabla ya kuoshea kachumbari na matunda yanayoliwa mabichi. Kipindupindu na kuhara hupita njia hiyo. Kisu na ubao uliokatia samaki mbichi usikatie kachumbari kabla ya kuviosha kwa sabuni. Na chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Cha kubaki kichemshwe hadi kitokote kabla ya kumpa mtoto.

Sasa neno kwa dada yangu unayeuza. Wewe ni mlinzi wa watoto wa mtaa mzima. Bidhaa ziwe juu ya meza, si chini. Samaki wawe kivulini juu ya barafu, wafunikwe nzi wasiwatue. Usiwaoshe kwa maji ya bandarini. Ukishika pesa, nawa kabla ya kushika chakula. Kama unauza chakula kilichopikwa, cheti chako cha afya kinahitaji kupimwa upya kila miezi sita. Na samaki akikuharibikia, mtupe. Hasara ya leo inauma, lakini mteja aliyeugua harudi, na huwaambia wenzake.

Je, mtoto akiugua? Akiwashwa na kuvimba baada ya kula samaki, mpeleke kituo cha afya. Akipumua kwa shida au akivimba midomo, kimbia naye mara moja. Akiharisha, mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, yaliyochanganywa kama pakiti inavyoeleza, na uendelee kumnyonyesha na kumlisha. Kituoni atapewa pia vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14. Avimalize hata kama kuhara kumekoma. Ukiona damu kwenye choo, macho yamezama, au hawezi kunywa, usingoje asubuhi.

Turudie kwa ufupi. Anza na vitunguu, nazi na mboga. Maliza na samaki. Mtazame macho, matamvua, nyama na harufu. Omba kipande cha barafu, mfunike, nenda nyumbani moja kwa moja, msafishe, mpike au mweke kwenye friji. Salamu za jirani zitangoja, samaki hangoji.