WACHAGA NA WAGOGO: KWA NINI WENZETU WALITUTANGULIA, NA SISI TUIFANYEJE ARDHI YETU

(Maelezo ya Katibu wa Chama, Tawi la Kijiji, mbele ya mkutano wa wanachama wa ushirika. Yamebandikwa hapa kwa faida ya wale waliokuwa shambani au machungani. Asiyejua kusoma asomewe na mwenzake.)



Tumeombwa tuseme juu ya ardhi, maana madalali wanapita nyumba hata nyumba siku hizi. Lakini kabla ya kufika kwenye ardhi tunataka tuondoe kwanza neno moja linalotuharibia vijana. Ukikaa kwenye foleni ya mashine ya kusaga utalisikia. Wanasema, ati, Mchaga amezaliwa na duka na Mgogo amezaliwa na njaa. Mtu akishaamini hivyo, hana sababu ya kupalilia. Atauza shamba alilopewa na baba yake, halafu atasema ndiyo asili yetu.

Wako watakaosema kulinganisha makabila ni kuleta ukabila. Sisi hatuoni hivyo. Mkulima akiona shamba la jirani limestawi na la kwake limekauka, huenda kuuliza: ulipanda lini, mbegu gani, maji ulipata wapi? Huo siyo ugomvi. Ukabila ni kusema jirani amestawi kwa sababu ya damu yake. Basi leo tuulize kama wakulima.

JAMBO LA KWANZA NI MAJI

Sisi hapa tunapata mvua kama milimita 570 kwa mwaka, tena kwa msimu mmoja, tangu Desemba mpaka Aprili. Ikikatika Februari, mtama unanyauka umesimama na hakuna msimu wa pili wa kujiokoa. Kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Kilimanjaro, wanakokaa Wachaga, mvua inapita milimita 1,000, na juu zaidi inakaribia 2,000. Wao wana masika na wana vuli. Tena tangu kabla ya Wajerumani wazee wao walichimba mifereji ya kuteremsha maji ya mlimani mpaka kwenye migomba. Kihamba cha Mchaga kina ndizi, kina kahawa chini ya migomba, na ng'ombe wawili watatu wa ndani wanaotoa samadi. Kipande kidogo kinalisha nyumba nzima.

Sasa chukueni Mchaga hodari kuliko wote, mleteni hapa mwezi wa Septemba, mpeni jembe. Mtaona kama damu inaotesha kitu.

JAMBO LA PILI NI ZAO NA USHIRIKA

Mbegu ya kahawa ililetwa Kilema na wamisionari Wakatoliki mwishoni mwa karne ya 19. Walowezi wa Kizungu hawakupenda Mwafrika alime kahawa. Walijua mtu mwenye kahawa yake hatakwenda kuwa kibarua kwenye shamba la mwingine. Basi mwaka 1925 wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama chao, kiongozi wao akiwa Joseph Merinyo, ili kuilinda kahawa yao. Mwaka 1933 kikaja chama kikuu cha ushirika, KNCU. Kahawa ikakusanywa pamoja, ikauzwa pamoja, na mkulima mwenye miti michache akapata bei sawa na mwenye miti mingi. Fedha hiyo ikajenga shule na kulipa karo. Mtoto aliyesoma akawa karani, akawa mwalimu, akawa daktari, naye akamvuta mdogo wake.

Mnaona hapo hakuna uchawi. Kulikuwa na zao linalopata fedha, kulikuwa na chama cha kuuzia, na fedha ikaingia shuleni kabla haijaingia kilabuni.

JAMBO LA TATU NI YALIYOTUPATA SISI

Reli ya kati ilifika Dodoma mwaka 1910. Kilimanjaro nako reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi miaka hiyo hiyo. Kwa hiyo tusiseme tulinyimwa reli. Tofauti ni kilichopakiwa. Huko ilibeba kahawa. Hapa ilibeba ng'ombe wetu na vijana wetu wakienda kutafuta kazi kwa watu.

Vita vya 1914 mpaka 1918 vilipita katikati ya Ugogo. Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na watu wa kubeba mizigo. Waingereza wakaiteka Dodoma Julai 1916, nao wakachukua vile vile. Kisha mvua ikakosekana. Ndipo ikaja njaa ambayo wazee wetu waliiita Mtunya. Inakadiriwa walikufa watu 30,000 katika kabila lililokuwa na watu kama 150,000. Hesabuni wenyewe: katika kila watu watano alikufa mmoja. Mgogo alikuwa na benki yake, nayo ni zizi. Akiba hiyo ilichukuliwa na majeshi, na kilichobaki kikauzwa kwa kibaba cha nafaka. Nyumba iliyopoteza zizi lake lote haiinuki kwa mwaka mmoja.

Na wale wanaosema Mgogo ni mvivu tuwakumbushe Kongwa, hapo jirani. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilileta matrekta, mabulldoza na wataalamu kulima karanga. Mvua ikawa haba, udongo ukakauka ukawa kama sakafu ya saruji, majembe ya matrekta yakavunjika. Mwaka 1951 wakaacha, fedha kama pauni milioni 36 zimepotea. Wale walikuwa na fedha na mashine na bado wameshindwa na nchi hii. Babu zetu waliishi ndani yake kwa uwele, mtama na ng'ombe. Aliyeweza hilo hawezi kuitwa mvivu.

JAMBO LA NNE: HATA WENZETU MAMBO YALIGEUKA

Tusidhani Kilimanjaro ni peponi. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchi nzima, na KNCU nayo ikavunjwa. Sheria ya 1982 ilipoviruhusu tena, wakaunda upya. Mwaka 1989 mapatano ya dunia ya kugawana masoko ya kahawa yalivunjika, bei ikaporomoka, wengine wakang'oa kahawa wakapanda migomba na nyanya. Na ardhi ikawa ndogo. Kihamba cha babu kiligawiwa wana, cha wana kikagawiwa wajukuu, mpaka kingine hakitoshi kujenga nyumba mbili.

Sensa ya 2022 inatuonyesha. Mkoa wa Kilimanjaro una watu kama milioni 1.86, na Mkoa wa Dodoma una kama milioni 3.08. Lakini eneo letu ni zaidi ya mara tatu ya eneo lao. Kwao kila kilomita moja ya mraba ina watu 140, kwetu ina watu 75. Na wao sehemu kubwa ni mlima na hifadhi.

Kwa hiyo lile duka mnaloliona mnadani halikutoka kwenye damu. Lilitoka kwenye kihamba kilichokwisha kugawanywa. Kijana alikosa shamba, alikuwa amesoma hesabu, akaondoka na mtaji mdogo aliochangiwa na ndugu, akalala dukani miaka mitatu. Wapo pia Wachaga maskini, wasio na kihamba wala duka, ila hao hawaji huku tukawaona. Sisi tunamwona yule aliyefanikiwa kufika, tunadhani wote wako hivyo.

Lakini kuna jambo moja la Wachaga tunaomba mlisikie vizuri kuliko yote. Mchaga anaweza kuwa na nyumba Dar es Salaam na lori tatu barabarani. Kihamba cha ukoo hakiuzi kwa mgeni kama anauza mbuzi. Wazee wake wamezikwa pale. Desemba ikifika mabasi ya Moshi yanajaa, wanarudi kwenye kipande kile kile kidogo. Biashara ikianguka, ana pa kurudi.

SASA SISI

Ndugu wanachama, miaka yote hii mali tuliyokuwa nayo kwa wingi ni ardhi, na haikuwa na bei. Leo ina bei. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa 1973. Bunge likahamia 1996. Mwaka 2016 Serikali ikatangaza kuhamia yote. Mei 2023 Ikulu mpya ikafunguliwa hapa hapa Chamwino. Agosti 2024 ikazinduliwa reli ya umeme ya kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma. Mtu wa Dar es Salaam anapanda asubuhi, mchana yuko hapa anaangalia shamba lako.

Kahawa yetu imeiva, ndugu zangu. Kahawa yetu ni ardhi hii. Swali ni kama tutauza matunda au tutauza mti.

Tuliopita darasa la kisomo cha watu wazima tulifundishwa kuandika hesabu ukutani. Basi tuandike moja. Tuseme mtu ameuza ekari 3 kwa shilingi milioni 6. Pikipiki milioni 3. Bati na saruji milioni 2. Milioni moja imekwenda kwa dalali, kwa sherehe na kwa madeni. Baada ya miaka mitatu pikipiki imechakaa. Bati lipo, lakini chini ya bati hamna chakula, na mwenye nyumba amekuwa mlinzi wa shamba lililokuwa lake. Yule mlowezi wa zamani alitaka hivyo hivyo: mwenye nchi awe kibarua. Safari hii hakuna anayetulazimisha. Tunatia saini wenyewe.

Hatusemi asiuze mtu kabisa. Ana mgonjwa, ana mtoto wa chuo, shida haina adabu. Wala hatusemi tuwachukie wanaonunua, wawe Wachaga, Wasukuma au nani. Ni Watanzania na wana haki ya kuishi popote kwa kufuata sheria. Tunasema tusiuze gizani. Kwa hiyo tunaleta mapendekezo haya mkutano uyajadili:

1. Asiuze mtu shamba kwa dalali nyumbani kwake usiku. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inataka jambo hili lipite Halmashauri ya Kijiji. Lipite kweli, na mke na watoto wakubwa wawepo wasikie bei.

2. Tupime mashamba na kuomba hati za hakimiliki za kimila. Kwa kukusanyika watu wengi gharama inapungua. Mwenye hati hadanganywi mipaka.

3. Anayehitaji fedha aulize kwanza kama anaweza kukodisha kwa msimu au kwa miaka michache kwa maandishi. Kukodisha shamba ni kuuza tunda, na mti unabaki.

4. Zabibu. Nchi hii kavu inayotutesa kwa mtama, mzabibu unaipenda, na ukipata maji huvunwa mara mbili kwa mwaka. Wenzetu wa Chinangali wametuonyesha kwamba mkulima wa Chamwino anaweza. Lakini zabibu haingoji. Ikiiva inaoza kwa siku chache, na mnunuzi analijua hilo, ndiyo maana mkulima wa peke yake hupewa bei ya huruma. Kwa hiyo ushirika utafute mnunuzi na kuandikiana naye kabla ya kupogoa, siyo siku ya kuvuna. Na alizeti vile vile iuzwe kwa mzani wa ushirika. Hili ndilo Wachaga walilifanya 1933. Halina hakimiliki ya kabila.

5. Ng'ombe. Tunawapenda, lakini ng'ombe anayekufa kwa ukame Oktoba angekuwa fedha Juni. Auzwe mmoja mapema, ilipwe sare, michango ya shule na hisa za kikundi cha akiba. Wengine wabaki zizini.

6. Ada ya shule za sekondari za Serikali iliondolewa tangu 2016 mpaka kidato cha nne, na 2022 ikafikia kidato cha sita. Babu zao Wachaga walilipa karo kwa kahawa, sisi leo hatudaiwi hiyo karo, na bado mtoto anatolewa darasani akachunge. Mzazi huyo aje aueleze mkutano sababu yake.

Ndugu wanachama, hatukulinganisha ili tujione duni, wala ili tujipoze kwa kusema ni mvua tu. Mvua hatuwezi kuibadili. Mtunya hatuwezi kuifuta. Lakini chama cha kuuzia pamoja, daftari la mtoto na mpaka wa shamba viko mikononi mwetu. Wajukuu zetu watakuja kulinganisha tena siku moja. Watahesabu ekari tulizowaachia.

Mjadala juu ya pendekezo la 1 na la 3 utaendelea mkutano ujao. Mwenye hoja aiandike au aiseme kwa mjumbe wake. Wanaouza na waliokwisha kuuza wote wanakaribishwa, maana waliokwisha kuuza wana mafundisho kuliko sisi.



Katibu wa Tawi
kwa niaba ya Kamati