Aliwaona Watu Kama Miti



Mama mmoja wa ushirika wetu, muuza samaki pale Dunga, alizibwa na mtoto wa jicho hata akawa anatambua noti kwa kuzipapasa. Tulipompeleka hospitali alitaka atibiwe kwa leza, maana alisikia haina kisu. Daktari akamweleza kwamba mtoto wa jicho si utando wa juu wa kuchomwa. Ni lenzi yenyewe ya ndani iliyoingia ukungu. Hutolewa, na mahali pake hutiwa lenzi ya kutengenezwa, kazi aliyoianza daktari Harold Ridley huko London mwaka 1949.

Bandeji ilipoondolewa, jicho lilikereketa kama lina mchanga, likatoa machozi. Hayo ni ya kawaida. Alipewa dawa ya matone kwa majuma kadhaa, akakatazwa kulisugua jicho, kuinua karai zito, kukaa penye moshi, na kunawa uso kwa maji ya ziwa. Mwambie mtu wa Dunga asiguse ziwa! Lakini alitii. Maumivu yakizidi, au kuona kukipungua, usingoje Jumapili uombewe. Rudi hospitali siku ile ile.

Nasi tulitoa shukrani kanisani kwa ngoma na sadaka.

Baada ya mwaka hivi ukungu ulirudi, naye akanyamaza. Tuligundua tulipomwona ameshika kitabu cha nyimbo juu chini. Akasema, "Mchungaji, niliogopa kuwaaibisha. Mlikwisha kumshukuru Mungu."

Neno hilo lilituchoma. Yule kipofu wa Bethsaida, katika Marko sura ya 8, alipoguswa mara ya kwanza aliwaona watu kama miti, akasema hivyo bila hofu. Bwana hakumkemea, alimgusa tena. Tumeihubiri habari hiyo mara nyingi, wala hatukumwachia mama yetu nafasi ya kusema haoni.

Kumbe utando huweza kuota nyuma ya lenzi mpya, na si dhambi ya mtu wala kosa la daktari. Hapo ndipo leza hutumika: mgonjwa huketi, huweka kidevu juu ya chombo, na kwa dakika chache utando hufunguliwa. Mama alicheka sana kwamba leza yake ameipata.

Jicho la kushoto bado. Litapasuliwa mvua zikiisha, na safari hii tumekubaliana kumwuliza kila Jumapili anaonaje, naye atuambie kweli.