Kamati ya Mabalozi na Sauti ya Raia: Mafunzo ya Kipindi cha Mpito nchini Kongo, 2003–2006

1. Utangulizi na fasili

Waandaaji wameomba mada ianze na fasili. Kipindi cha mpito ni muda kati ya kusainiwa kwa makubaliano ya amani na kuapishwa kwa serikali iliyochaguliwa. Ushiriki wa kimataifa ni fedha, askari, wapatanishi na wanadiplomasia kutoka nje. Maoni ya umma ni yale wananchi wanayoyafikiri na kuyasema kuhusu hayo yote, wawe wameulizwa au la. Washiriki wanayafahamu haya. Linalostahili muda wao ni swali moja: maoni hayo yalipotolewa, nani alikuwa na wajibu wa kuyajibu?

2. Kamati na milango yake

Makubaliano ya Pretoria ya tarehe 17 Desemba 2002 yaliipa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo rais, Joseph Kabila, na makamu wanne. Yaliunda pia kamati ya kimataifa ya kusindikiza kipindi cha mpito, CIAT, iliyokusanya mabalozi wa nchi tano zenye kura ya turufu katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, wa Afrika Kusini, Angola, Zambia, Ubelgiji na wengineo. Iliongozwa na William Swing, mkuu wa MONUC, ujumbe wa Umoja wa Mataifa wa kulinda amani nchini humo.

Ni haki kuutambua mchango wake. Mahasimu waliendelea kukaa meza moja, na nchi ikafika kwenye uchaguzi. Lakini kamati ilizungumza na wakubwa walewale, na matamko yake yalielekezwa kwao. Mkazi wa Bukavu au Kindu hakuwa na mlango wa kubisha.

Juni 2004 ilidhihirisha hasara ya kukosa mlango huo. Tarehe 2, wapiganaji wa makamanda waasi Laurent Nkunda na Jules Mutebusi waliiteka Bukavu. Maduka yaliporwa na wanawake walibakwa, na walinda amani waliokuwemo mjini hawakuwazuia. Kinshasa na Kisangani watu waliingia mitaani na kushambulia mali za Umoja wa Mataifa. Oktoba, Baraza la Usalama liliongeza askari 5,900. Askari walikuja, maelezo ya kwa nini mji uliachwa hayakuwafikia waliopoteza ndugu.

Januari 2005 kosa lilijirudia. Mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, Apollinaire Malumalu, alidokeza kwamba kura ingeahirishwa. Siku chache baadaye Kinshasa ilichafuka, na watu wakafa. Uchaguzi ulikuwa umeahidiwa kufikia tarehe 30 Juni mwaka huo. Makubaliano yenyewe yaliruhusu nyongeza mbili za miezi sita, ila wananchi wengi waliijua tarehe tu, hawakujua kipengele. Mitaani mfumo wa rais na makamu wanne ukapewa hesabu yake: 1+4=0.

Itajibiwa kwamba Redio Okapi ilikuwepo tangu Februari 2002, ikitangaza kwa Kifaransa, Kilingala, Kiswahili, Kitshiluba na Kikongo. Ilikuwepo, na ilifanya kazi kubwa. Redio ilipeleka habari kwa raia. Kurudisha swali la raia mezani kwa mabalozi, na kudai jibu, hakukuwa na chombo kilichopewa kazi hiyo. Kwenye kura ya maoni ya tarehe 18 na 19 Desemba 2005, zaidi ya asilimia 80 walisema ndiyo kwa katiba ambayo wengi wao hawakuwahi kuishika nakala yake.

Mtoa mada amelisema jambo hili katika vikao vingi, na kila mara huelezwa kuwa limezingatiwa. Hata hivyo, Julai 2022 waandamanaji wa Goma, Butembo na Uvira waliikabili MONUSCO, mrithi wa MONUC, kwa manung'uniko yaleyale ya 2004: mpo, mbona hamtulindi? Raia na walinda amani waliuawa.

3. Mapendekezo

Bila kuingilia mamlaka ya serikali husika, inapendekezwa kwamba:

(i) Kamati yoyote ya kimataifa ya kusindikiza mpito ikutane na wananchi hadharani mikoani, kwa ratiba inayojulikana.

(ii) Maswali ya mikutano hiyo yaandikwe na kujibiwa kwa maandishi katika muda uliowekwa.

(iii) Ratiba ya uchaguzi ikitetereka, sababu zitangazwe siku hiyohiyo na tume pamoja na wafadhili.

(iv) Mji ukishambuliwa, kikosi cha kulinda amani kieleze wazi kilichofanya na ambacho hakikufanya, kwa lugha ya wenyeji.

(v) Redio za jamii zipewe kazi ya kukusanya maswali, pamoja na ile ya kutangaza.

(vi) Rasimu ya katiba ifike vijijini kabla ya masanduku ya kura.

(vii) Majibu yaliyotajwa katika (ii) yasomwe redioni, ili asiyejua kusoma naye ayasikie.

(viii) Gharama za haya ziingizwe katika bajeti ya uchaguzi tangu mwanzo. Uchaguzi wa Kongo wa 2006 uligharimu zaidi ya dola milioni 400, sehemu kubwa ikitoka nje. Wafadhili walioweza kubeba kiasi hicho wanaweza pia kugharimia mikutano ya mikoani.